Dalali wa Lokesheni, Usiache Kikosi Kiondoke na Jasho Lako

Kikosi cha filamu kikifika Kasanda, mkoani Kigoma nchini Tanzania, mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenyeji. Yeye ndiye anayejua shamba la migomba linalofikika kwa gari hata mvua ikinyesha, na mzee atakayekubali uwanja wake ujazwe taa na nyaya. Anazunguka kwa pikipiki, anapatanisha bei, anawatuliza watoto wasikatize mbele ya kamera. Kazi ikiisha anaambiwa, "Tutakutumia kwenye simu." Gari linashika njia ya Kibondo, na kuanzia hapo simu haipokelewi.

Wengi huamini hawana kesi kwa kuwa hawakusaini karatasi. Wanajinyima haki bure. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na ina sehemu nzima inayohusu wakala na anayemtuma. Ukitafutia kikosi lokesheni, yaani mahali pa kupigia filamu, kwa ujira, wewe ni wakala wao. Kama hamkupatana vingine, ujira wako unadaiwa pale kazi uliyotumwa inapokamilika. Filamu kukosa mnunuzi si hoja ya kukunyima. Fedha ulizopokea kwa niaba yao, unaruhusiwa kukata humo gharama halali, kwa mfano mafuta ya pikipiki, pamoja na ujira wako, kisha uwape hesabu ya kilichobaki.

Kinachosumbua ni ushahidi. Baada ya kupatana, mtumie meneja wa kikosi ujumbe: kazi ni hii, siku ni hizi, malipo ni kiasi hiki, yatalipwa tarehe hii. Akijibu "sawa", usiufute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Hifadhi pia ujumbe wa fedha ulizotumiwa.

Uliza jina kamili la kampuni, na ulitaje kwa kila unayepatana naye. Ukimficha mwenye nyumba jina la aliyekutuma, sheria inakuhesabu wewe kuwa mdaiwa. Kikosi kikivunja ukuta au kikiondoka bila kulipa, atakuja kugonga mlango wako, na atakuwa na haki.

Sasa neno gumu kwa madalali wenyewe: cha juu. Kikosi kinatoa laki tatu za nyumba, mwenye nyumba anapewa laki moja, mbili zinapotelea mfukoni. Wengine hukiita ujanja wa mjini. Kisheria, faida ya siri aliyoipata wakala ni mali ya aliyemtuma, naye anaweza kuidai, na wakala aliyekosa uaminifu anaweza kupoteza hata ujira wake halali. Nami naona kosa kubwa zaidi ni kumdhulumu jirani ambaye mtaendelea kuchota naye maji kisima kimoja. Taja asilimia yako waziwazi, pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja.

Kuna mahali ambapo dalali hana mamlaka ya kukodisha. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Malipo yapitie huko na risiti itolewe. Kambi za wakimbizi haziingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Na kabla ya yote, kikosi kikuoneshe kibali cha Bodi ya Filamu, iliyopo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Usione haya kukidai. Filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kutoka 2004, ililaumiwa hadharani na Rais Kikwete mwaka 2006, na huko Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Mtengenezaji alikuwa kwao Ulaya. Waliobaki na maswali ni wenyeji.

Ukidhulumiwa, usizuie kamera wala gari. Unaweza kugeuka wewe mshtakiwa. Anza na barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, nakala kwa mtendaji wa kata. Wasipolipa, fungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambako si lazima uwe na wakili. Kama kuandika ni shida, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo.

Ndugu msomaji, kikosi kijacho kikifika, omba nusu ya malipo kabla kamera haijawashwa, na nusu iliyobaki kabla gari halijapakiwa.