Hesabu Siku Zako Kwanza, Cheti cha Damu Baadaye

Mama anayeparua samaki pale Msimbati akichomwa na mwiba, kesho yake kidole kimevimba, kina joto, kinapwita. Ni mwili unajihami, na wataalamu huita hali hiyo inflamesheni. Jeraha likiwa kubwa, ini humwaga kwenye damu protini iitwayo CRP. Likipona, CRP hushuka.

Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa uitwao ovari zenye vifuko vingi, moto huo hauzimiki. Unafukuta chinichini bila homa, na CRP yao kwa kawaida iko juu kidogo, hata kwa baadhi ya wembamba. Mafuta ya tumboni yanauchochea. Insulini nayo, homoni inayodhibiti sukari, ikizidi kwenye damu huisukuma ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi: ndevu zinaota, chunusi hazikomi, hedhi inapotea. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hali hii inawapata wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Si kurogwa, na wala si kizazi kilichofungwa.

Lakini dada, usitishwe na namba ya CRP peke yake. Malaria huipandisha, hata jino bovu. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 hauitumii kutambua ugonjwa huu. Daktari hutafuta dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi, kisha hupima tezi ya shingo, isije ikawa ndiyo chanzo.

Kwa hiyo kalenda ya ukutani ina kazi kubwa kuliko cheti cha CRP. Weka alama siku ya kwanza ya kila hedhi. Ikizoea kupita siku 35 kabla ya kurudi, pima mimba, kisha nenda zahanati uombe rufaa ya Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ikipita siku 90 usisubiri tena: utando wa mji wa mimba hunenepa, na ukiachwa hivyo miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Omba upimwe sukari na presha pia.

Nyumbani, punguza tonge la ugali wa makopa, ongeza kisamvu, mbaazi na samaki, na utembee kila siku.

Nanyi manyakanga, mwali anawasikiliza kuliko anavyotusikiliza sisi. Mnapomfunda habari za hedhi, mfundisheni na kuihesabu.