Dondoo Muhimu: Namba ya Simu na Tarehe katika Fomu ya Barua Pepe

Mfanyabiashara wa mawese wa Nyanza-Lac anayepokea oda kwa fomu aliyoiunda katika Outlook hana budi kukifanya kisanduku cha simu kuwa cha maandishi, si cha hesabu, kwa kuwa kisanduku cha hesabu huweza kupoteza alama ya kujumlisha na sifuri ya mwanzo. Kanuni ya uhakiki, yaani sharti linalopimwa kabla barua haijatumwa, ikubali tarakimu 8 baada ya +257 ya Burundi, lakini 9 baada ya +255 ya Tanzania na +243 ya Kongo, maana sharti la Burundi peke yake humfungia nje mnunuzi wa Kigoma au Uvira. Mwezi uandikwe kwa jina, kwani 03/04 husomwa Aprili 3 Bujumbura, na Machi 4 kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani.