Mafua yameisha, tumbo limeanza: utumbo wa mtoto unapoingia ndani ya utumbo

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto wa kati ya miezi mitatu na miaka miwili, makala ya leo yakuhusu. Nitaeleza juu ya ugonjwa ambao hauonekani kila siku, lakini huzuka baada ya maradhi ya kila siku kama vile mafua, macho mekundu au kuharisha. Hauponi kwa vidonge wala sindano. Mtoto anayeupata huhitaji kufikishwa upesi mahali palipo na daktari wa upasuaji.

Nilifunzwa ugonjwa huu chuoni, lakini somo lenyewe nililipata baadaye, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja upande wa Homa Bay. Mama mmoja alivuka ziwa kwa boti akaniletea mvulana wa miezi saba. Juma lililotangulia mtoto alikuwa na mafua na macho mekundu, akapona. Sasa alikuwa akilia kwa ghafla, anakunja miguu hadi tumboni, kisha baada ya dakika chache ananyamaza na kusinzia kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa ametapika mara mbili.

Nilipompima alikuwa ametulia. Damu yake ilipochunguzwa ilionekana kuwa na vimelea vya malaria. Nikaandika dawa ya malaria na kuwaruhusu waende.

Kesho yake walirudi. Mtoto alikuwa amelegea, tumbo limejaa, na nepi ilikuwa na ute mwekundu mfano wa jeli. Tulimtia maji ya dripu na kumkimbiza Kisumu usiku huo huo. Madaktari wa huko walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa. Mtoto alipona, lakini kipande kile huenda kingalisalia laiti ningalimsikiliza mama vizuri siku ya kwanza.

Je, hutokeaje? Waijua eriali ya redio, ambayo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine. Ndivyo utumbo unavyofanya katika ugonjwa huu. Karibu na mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, pana vitezi vingi vidogo vinavyopigana na viini vya magonjwa. Mtoto anaposhikwa na virusi, hasa vile vya adeno viletavyo mafua na macho mekundu, vitezi hivyo huweza kuvimba. Utumbo, ambao kazi yake ni kusukuma chakula mbele, huushika uvimbe huo na kuusukuma kama chakula. Sehemu moja ya utumbo ikavutwa ndani ya nyingine.

Hapo mishipa ya damu hubanwa. Utumbo huvimba, huanza kutoa damu na ute, na usipofunguliwa huoza na kutoboka. Watoto wengi wanaopatwa wana umri wa chini ya mwaka mmoja, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mara nyingi ni mtoto mnene, mwenye afya njema, jambo linalozidi kuwadanganya wazazi.

Dalili zake ni hizi. Kwanza, kilio cha ghafla kinachokuja na kuondoka, huku mtoto akikunja miguu. Pili, kutapika, mwanzoni maziwa, baadaye matapishi ya rangi ya kijani. Tatu, mtoto kulegea na kulala mno kati ya kilio kimoja na kingine. Nne, uvimbe tumboni, aghalabu upande wa kulia. Tano, choo chenye damu na ute. Usingoje hii ya tano. Hiyo huja kwa kuchelewa, na watoto wengine hawaipati kabisa.

Katika nchi ya ziwa, kutoka Mbita hadi Karungu na Muhuru Bay, kosa nililofanya mimi ni rahisi kulirudia. Malaria ni nyingi huku, na mtoto aweza kuwa na vimelea katika damu ilhali kinachomtesa ni kitu kingine. Kwa hivyo kipimo kikionyesha malaria, mtoto atibiwe malaria, lakini hilo lisifunge shauri ikiwa kilio cha kuja na kuondoka kinaendelea.

Kosa jingine ni kudhani kwamba damu katika choo lazima iwe ya amiba, mtoto akapewa dawa ya kuhara damu na kurudishwa nyumbani. Wengine husema ni meno tu. Wengine humpeleka mtoto akang'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno yake halali ambayo hayajaota. Wengine humpa dawa za miti au kumpiga bomba. Haya yote hula saa ambazo mtoto hana.

Basi ufanye nini? Mtoto anayeharisha tu, mnyonyeshe na umpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kama ulivyofunzwa kliniki. Lakini ukiona kilio nilichoeleza pamoja na kutapika, au matapishi ya kijani, au damu na ute, usimpe chakula wala dawa ya kunywa. Mpeleke hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Ukiwa mbali na mji, pitia kituo cha afya kilicho karibu ili atiwe dripu kabla ya safari. Kabla ya kuondoka hapo, omba wapige simu kwa hospitali ya rufaa ya Homa Bay au ya Migori na kuuliza kama yupo daktari wa upasuaji na mtu wa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi. Ikiwa hawapo, afadhali kuelekea Kisumu moja kwa moja kuliko kulala njiani.

Mwambie daktari maneno matatu: kilio kilianza saa ngapi, kinarudi kila baada ya muda gani, na mtoto aliugua nini majuma yaliyopita. Ikiwa nepi ina damu, ibebe aione.

Hospitalini, picha ya altrasaundi huweza kuuonyesha utumbo uliojiingiza. Mtoto akiwahi, na palipo na vifaa na wataalamu, utumbo huweza kurudishwa kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa, bila kisu. Vinginevyo hupasuliwa na utumbo kuvutwa kwa mkono. Akichelewa, sehemu iliyokufa hukatwa.

Wazazi wengine wamesikia kwamba chanjo ya virusi vya rota ndiyo iletayo ugonjwa huu. Uvumi huo una chanzo. Mwaka 1999 chanjo moja ya kwanza iliondolewa Marekani kwa sababu hiyo. Chanjo zilizofuata ni nyingine. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo ya rota Julai 2014, na uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliotangazwa mwaka 2018, haukuona kwamba chanjo iliyokuwa ikitumika iliongeza hatari hiyo. Kuharisha kwa virusi vya rota, kwa upande mwingine, kumewaua watoto wengi. Mchanje mtoto wako kwa wakati, kuanzia majuma 6.

Mtoto mmoja tu kati ya wengi wenye mafua ndiye atakayepatwa na haya, kwa hivyo usiogope kila kilio. Lakini kilio kinachoondoka na kurudi, kwa mtoto anayetapika, usikilaze hadi asubuhi. Wahenga hawakukosea: chelewa chelewa utampata mwana si wako.