Sasisho Lililozima Kifaa cha Nyumbani: Haki ya Mnunuzi Mbele ya Sheria

Vimezidi katika nyumba za miji yetu, kuanzia Nyali na Bamburi hata mitaa ya Nairobi, vifaa ambavyo havitosheki na umeme peke yake bali hutaka pia intaneti na amri za kampuni iliyo mbali: makufuli ya milango yafunguliwayo kwa simu, kamera za ulinzi, balbu na soketi ziitikazo sauti. Anunuaye kifaa cha namna hiyo hulipa mara moja dukani, akapewa risiti na sanduku, akadhani biashara imekwisha; ilhali aliyekitengeneza amejibakizia njia ya kukiingilia, maana kila baada ya muda hukitumia sasisho, yaani programu mpya ya kushika nafasi ya ile ya zamani, na hutokea kifaa kilicholala kizima kikaamkia hali ya kutojibu lolote. Swali letu leo ni moja: hasara hiyo ni ya nani? Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja kwa mujibu wa sheria za Kenya, ni kwamba aghalabu si ya mnunuzi, na kwamba muuzaji amjibuye mteja wake, "Hayo si yetu, waandikie kampuni," amejivua wajibu ambao sheria haikumruhusu kuuvua.

Wala jambo hili si dhana tupu. Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya LockState ya Marekani ilituma kwa makufuli yake ya aina ya 6i sasisho lililokusudiwa aina ya 7i. Makufuli yapatayo 500 yakakatikiwa na mawasiliano, na kwa kuwa kosa lenyewe liliyafunga yasiweze kupokea marekebisho kwa njia ileile, wenyewe iliwabidi ama wafungue sehemu ya kufuli na kuirejesha kiwandani ikatengenezwe, ama wangoje siku 14 hadi 18 wapelekewe jingine. Wengi wao walikuwa wapangishaji wa nyumba za wageni, ambao kwao mlango usiofunguka ni riziki iliyozuilika. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 2016, vidhibiti joto vya Nest vilikuwa vimekwisha betri katikati ya majira ya baridi kwa sababu ya dosari iliyoingia na sasisho la Desemba, watu wakaamka katika nyumba zilizopoa.

Kabla ya kushika sheria, yakupasa uijue sababu, kwani mahakama haitauliza tu kama kifaa kimekufa, bali pia ni nani aliyekiua. Huenda kilichosasishwa si kifaa bali ni ruta: vifaa vingi vya nyumbani husoma masafa ya 2.4 GHz pekee, na ruta ikisasishwa ikaunganisha masafa hayo na yale ya 5 GHz chini ya jina moja, au ikabadili ulinzi wa nywila kwenda ule mpya wa WPA3 ambao kifaa cha zamani hakiufahamu, kifaa kizima huonekana mfu, na hapo wa kuulizwa ni kampuni iliyokupa intaneti na ruta yake. Huenda umeme ulikatika sasisho likiwa nusu, programu ya msingi ikaandikwa kipande. Na hapa nisemalo ni kwamba mtengenezaji auzaye bidhaa katika nchi ambayo umeme hukatika bila ya hodi alipaswa kukipa kifaa nakala ya akiba ya programu ya zamani, ufundi ambao unajulikana na kutumika tangu zamani, hata sasisho likishindwa kifaa kirudi kilipokuwa. Huenda tena kifaa hakina ila, bali mitambo ya kampuni ndiyo iliyoanguka, nawe ukingoja saa chache kikarejea chenyewe.

Hadhari iliyo kubwa ni hii: usikimbilie kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Fundi atakushauri hivyo, na huduma ya wateja itakuelekeza ubonyeze kitufe kwa sekunde kumi, na mara nyingi ni dawa. Lakini kitendo hicho chaweza kufuta kumbukumbu za kifaa, nazo ndizo ithibati yako. Fungua kwanza programu ya simu, uingie mahali paonyeshapo habari za kifaa, upige picha ya namba ya toleo la programu na tarehe lilipoingia, upige na picha ya taa ya kifaa jinsi imulikavyo, rangi gani, kwa kukatika au mfululizo, kisha uandike siku na saa kilipojibu mara ya mwisho. Zihifadhi pamoja na risiti, au ujumbe wa M-Pesa kama risiti hukupewa, na lile sanduku lenye maandishi ya sifa za kifaa usilitupe, kwa sababu maandishi hayo ni sehemu ya ahadi. Ukishayafanya hayo, bonyeza kitufe ukipenda.

Sasa tuingie katika sheria yenyewe. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 imempa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kadiri, haki ya habari zitakazomwezesha kufaidi alichonunua, haki ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Na ibara hiyo haibagui kati ya serikali na mfanyabiashara binafsi. Chini yake ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo katika kifungu cha 16 imeweka sharti ambalo halihitaji kuandikwa wala kutamkwa: kwamba ukimweleza muuzaji kusudi lako ukautegemea ujuzi wake, kifaa kilifae kusudi hilo, na kwamba bidhaa iuzwayo kwa sifa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na kifungu chake cha 5 kikasema neno ambalo ningependa kila mnunuzi alihifadhi moyoni: sharti lolote la mkataba linalodai kuufuta au kuupunguza ubora huo ni batili.

Ubatili huo wahusu pia kile kitufe cha "Nakubali". Watu wengi huwa wamekwisha kujihukumu wenyewe, wakisema kwamba waliyakubali masharti marefu katika simu, nayo yalisema kampuni haitabeba dhima ya sasisho lolote, basi wana hoja gani tena? Hoja wanayo. Haki za sheria hii husimama hata pakiwapo mapatano ya kuziacha. Kidole kilichogusa kioo hakiwezi kuuza kile ambacho sheria imekataza kiuzwe.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kwamba njia ni nyeupe hadi mwisho. Wakili wa muuzaji atasimama na kusema: siku ya mauzo kufuli lilikuwa zima, na ubora hupimwa siku ya kukabidhiwa bidhaa, si miezi minane baadaye, lililotokea baadaye lilitoka kwa mtengenezaji, nasi tulio dukani hatukuligusa. Hoja hiyo ina uzito, maana sheria zetu za mauzo ziliandikwa kwa ajili ya vitu ambavyo muuzaji akishavitoa mkononi vimetoka, na hakuna kifungu kinachotaja masasisho kwa jina. Jawabu ninaloliona kuwa la haki ni kwamba kifaa hiki hakikutoka mkononi kabisa. Mfano wake ni nyumba iliyouzwa huku ufunguo wa pili umebaki na fundi aliyeijenga: fundi akiingia usiku akavunja ngazi, mnunuzi ana haki ya kusema kwamba ila ilikuwamo tangu siku ya mauzo, kwa kuwa ule ufunguo wa pili ulikuwa sehemu ya kilichouzwa na hakuna aliyemwambia. Kudumu kwa muda wa kadiri ni sehemu ya ubora, na kufuli ambalo laweza kuharibiwa kutoka mbali bila ya njia ya kulirejesha liliuzwa likiwa na udhaifu huo ndani yake. Fauka ya hayo, mtengenezaji mwenyewe hakosi wa kumfuata, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 nayo inazungumzia dhima ya bidhaa zenye kasoro, na uzembe ni uzembe hata ukitumwa kwa njia ya hewa.

Mahakama na mamlaka za nchi nyingine zimekwisha kuelekea huko, na ingawa maamuzi yao hayatufungi, yatufunza. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Samsung faini ya euro milioni 5 na Apple euro milioni 10 kwa kuwahimiza wateja kuweka masasisho yaliyozidhoofisha simu zao bila ya kuwapa habari za kutosha. Uingereza, ambako wamo wasomaji wetu wengi, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 yampa mtu madai pale programu inapoharibu kifaa chake kwa uzembe wa aliyeitoa. Na tangu tarehe 29 Aprili 2024 watengenezaji wanalazimika huko kutangaza ni kwa muda gani kifaa kitapewa masasisho ya usalama. Ningetamani Bunge letu liige kanuni hiyo ya mwisho bila ya kukawia.

Kama kifaa ni kamera, kuna jambo la faragha. Ukikirejesha dukani, au fundi akiomba nywila yako ili akirekebishe, kumbuka kwamba picha za aila yako ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Una haki ya kujua zitatumiwaje na kudai zifutwe, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hatua za kudai si ngumu. Anza na barua kwa muuzaji, si simu, kwani maneno ya simu hukanwa. Iwe fupi: "Tarehe fulani nilinunua kwenu kufuli la aina fulani kwa shilingi kadhaa. Tarehe fulani lilipokea toleo fulani la programu, na tangu hapo halifunguki kwa njia mliyoiahidi. Nataka mlitengeneze, mnipe jingine, au mnirejeshee fedha, ndani ya siku 14." Bakisha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au uende katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haifungwi na ugumu wote wa kanuni za ushahidi, mdai aweza kusimama mwenyewe pasina wakili, na sheria imeitaka iyamalize mashauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Msomaji wa Tanzania ataanzia Tume ya Ushindani, chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 2003. Aliyeagiza kifaa moja kwa moja kutoka ng'ambo ana njia nyembamba zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kupendelea duka lenye mlango na anwani.

Usikae na kifaa kibovu ukingojea sasisho jingine lije likitibu. Madai ya mkataba yana miaka 6 mbele ya mahakama, lakini haki ya kukikataa kifaa na kudai fedha zako zote hupotea ukikaa nacho kupita muda wa kadiri bila ya kumwarifu muuzaji, ukabakiwa na fidia peke yake. Na anayetaka kuuvunja mkataba kwa sababu alidanganywa alipokuwa ananunua hutakiwa atoe ilani ndani ya mwaka 1 tangu mapatano. Kwa hiyo andika barua yako wiki hii.