Kiti Chenu Ndani ya Kikao

Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, barua yako imenikaa moyoni wiki nzima. Umeniuliza mawili. La kwanza, kwa nini utozwe hela ya DARUSO, serikali yenu ya wanafunzi, wakati bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, limechelewa wiki tatu na huoni serikali hiyo imekufanyia nini. La pili, kuna kijana anagombea urais na anataka uwe mgombea mwenza wake, ila wenzako chumbani wanasema utakuwa pambo la bango tu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi, Dodoma, Mzumbe, Morogoro, hata Nairobi, mnaojiuliza hayo hayo.

Tuanze na hiyo hela. Ukishalipa, wewe ni mwenye chama, na mwenye chama ana haki ya kuuliza bajeti imekwendaje. Wengi wenu mnaijua serikali ya wanafunzi kwa mabango, spika za kampeni na rais anayeapishwa na suti mpya. Mnajua ina mawaziri, ina bunge, ina tume ya uchaguzi. Upande msioujua ni huu: wawakilishi wenu huingia kwenye vikao vya chuo chenyewe, kuanzia kamati ndogo hadi Seneti na Baraza la Chuo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inazitambua jumuiya za wanafunzi, kwa hiyo hamwingii humo kwa hisani ya mtu. Humo ndimo masuala ya mitihani, ada na malazi yanamojadiliwa kabla hayajabandikwa ubaoni.

Acha nikusimulie kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Chuo nilichosoma, jina lake nitaliacha, maji yalikatika bwenini kwetu kuanzia Novemba hadi Januari. Tulipandisha ndoo ghorofa nne kutoka bomba la nyuma ya mgahawa, asubuhi na jioni, na wenzetu wawili walikuwa wajawazito. Tulikaa kwenye ngazi na ndoo tupu tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mwaka uliofuata nikachaguliwa mbunge wa wanafunzi, nikaomba kusoma mihtasari ya kamati ya malazi. Maji yetu yalikuwa kwenye ajenda vikao vitatu mfululizo. Mara zote tatu yaliahirishwa hadi mwakilishi wa wanafunzi awepo aeleze hali ilivyo. Kwenye orodha ya mahudhurio, mbele ya jina la mwakilishi wetu, vikao vyote vitatu kumeandikwa: hakuhudhuria, hakutoa udhuru. Yule kaka alikuwa mzungumzaji hodari kuliko wote waliopanda jukwaani mwaka ule. Mimi nilimpigia kura, nikawashawishi na wenzangu wampigie.

Kiti alichokiacha wazi kina historia, na napenda uijue kwa sababu sehemu kubwa yake iliandikwa hapo hapo Mlimani unapolala. Julai 1971, rais wa wanafunzi wa wakati huo, Mkenya aitwaye Symonds Akivaga, alifukuzwa chuo baada ya kuukosoa uongozi kwa barua ya wazi. Wenzake wakasusia masomo. Kiini cha ugomvi ule kilikuwa dai moja: wanafunzi washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Chama chao kiliitwa DUSO. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, mamia wakafukuzwa, DUSO ikafutwa na mahali pake ikawekwa MUWATA, iliyokuwa chini ya mbawa za chama tawala. DARUSO unayotozwa hela yake ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwakilishi asipokwenda kikaoni, nahesabu kwamba ametupa kitu ambacho watu walikilipia kwa shahada zao.

Sasa bumu. Serikali ya wanafunzi haina hazina ya mikopo. Fedha ni za Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na zikichelewa sababu mara nyingi ni za karatasi: hujasaini, namba ya akaunti imekosewa, au chuo hakijapeleka matokeo. Nenda kwanza kwa afisa mikopo wa chuo, uliza jina lako limekwama hatua gani, andika tarehe na jibu ulilopewa. Ukiona hakuna kinachosogea, zungumza na kiongozi wa darasa lenu (CR), muunganishe wote wenye tatizo hilo. Andikeni majina, namba za usajili na kasoro ya kila mmoja, mumkabidhi mbunge wa ndaki yenu na nakala iende kwa waziri anayeshughulikia mikopo. Nimeona karatasi moja yenye majina 40 ikifungua mlango ambao watu 40 waliokuwa wakipiga kelele nje hawakuufungua. Afisa hawezi kushughulikia kelele, hata akiwa na moyo mwema. Anahitaji namba ya usajili.

Je, mgomo? Sitakuambia mgomo ni dhambi. Kuna nyakati milango yote imegongwa na hakuna aliyeitika. Ila ujue gharama zake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Huko Nairobi, Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Alikuwa kijana kama kaka yako. Kwa hiyo mtu akikusukuma uwaite wenzako uwanjani, muulize kwanza: barua zote zimeandikwa? Zimejibiwaje? Nani atasimama mbele ya kamati ya nidhamu pamoja na mtoto wa mkulima aliyeuza ng'ombe ili aje chuo? Asipokuwa na jibu, rudi chumbani usome.

Nije kwenye ombi la huyo kijana. Wanaosema utakuwa pambo wana hoja. Nimewaona wasichana wengi wakitafutwa kwa ajili ya picha na kura za mabweni ya wasichana, kisha wakishaapishwa kazi yao ni kusoma salamu kwenye mahafali. Lakini nimemwona pia makamu wa rais aliyeshika kamati ya malazi, akawa anatembea na daftari mlango kwa mlango kila Jumamosi, na chuo kizima kikajua rais halisi ni nani.

Muulize huyo kijana kazi gani atakukabidhi, na aiandike. Muulize fedha za fulana na spika zimetoka wapi, maana mwenye kuzitoa atakuja kudai, na deni hilo mtalilipa mkiwa ofisini. Kenya walibadili sheria mwaka 2016 ili wanafunzi wachague wajumbe, na wajumbe ndio wachague viongozi, kwa sababu fedha na vurugu zilikuwa zimezidi kwenye kampeni. Vikao vya kupanga kampeni ukisikia ni saa tano usiku kwenye bweni la wavulana, sema hapana mapema, mchana upo na kumbi zipo. Na yeyote atakayekuambia kwamba kura zinapatikana chumbani kwake, usimjibu kwa upole. Hifadhi ujumbe wake, upeleke dawati la jinsia.

Masomo pia yaangalie kwa makini. Kiongozi aliyeondolewa chuo kwa kufeli hana anayemwakilisha, na mama yako hakukuleta Dar es Salaam kuapishwa.

Huyo kijana akisema makamu "atamsaidia rais" bila kutaja kazi hata moja, mshukuru, kisha wewe chukua fomu ya ubunge wa ndaki yako. Huko utawajua watu wako kwa majina, na hakuna atakayekuweka kwenye bango la mtu mwingine. Katiba ya DARUSO kaiombe ofisini kwao, ni haki yako, uisome na kalamu mkononi, hasa vifungu vya makamu, vya fedha na vya kumwondoa kiongozi. Kisha niandikie tena kabla fomu hazijaanza kutolewa. Ile orodha ya wasiopata bumu isisubiri uchaguzi, ianzeni leo usiku, hapo hapo chumbani kwenu.