Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kwamba mtu akionyesha ufundi wake mbele ya watu wa kwao, watu hao humtia moyo na kumpa zawadi. Mara nyingi tunausikia msemo huu ngomani. Leo tutauona jikoni.

Katika somo hili tutasoma habari za wapishi wawili wa Afrika Magharibi. Wote wawili walishindania rekodi moja ya dunia, yaani kupika kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Wote walisaidiwa na watu wengi. Mmoja aliipata rekodi, mwingine aliikosa. Tusome tujue sababu.

MASHARTI YA SHINDANO

Rekodi hii huandikwa na shirika liitwalo Guinness World Records, lenye makao makuu London, Uingereza. Mpishi hupika mchana na usiku. Kila anapomaliza saa moja ya kupika, hupata dakika 5 za kupumzika. Asipozitumia, huziweka akiba. Akipika saa 4 mfululizo, ana akiba ya dakika 20. Akipika saa 12, ana akiba ya dakika 60.

Katika dakika hizo ndipo anapokwenda chooni, anapokula na anapolala. Akizidisha mapumziko, amevunja masharti. Kwa hiyo lazima wawepo mashahidi, na muda wote uandikwe.

HILDA BACI WA NIGERIA

Hilda Baci ni mpishi wa Nigeria. Asili yake ni Jimbo la Akwa Ibom, na kazi yake huifanyia katika jiji la Lagos. Mwaka 2021 alishinda shindano la kupika wali wa jollof kati ya Nigeria na Ghana. Jollof ni wali unaopikwa pamoja na nyanya, vitunguu na pilipili.

Baadaye Hilda aliitaka rekodi ya dunia. Wakati huo rekodi ilikuwa ya Lata Tondon wa India. Mama huyo alipika kwa saa 87 na dakika 45 mwaka 2019, katika mji wa Rewa.

Hilda alianza kupika Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, huko Lagos. Siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Alisema baadaye kwamba baada ya saa 6 tu alikuwa tayari kuacha. Lakini hakuacha. Watu walizidi kufika. Waliimba na kumwita jina lake. Gavana wa Lagos naye alifika. Chakula kilichopikwa waligawiwa watu bure. Hilda alipika zaidi ya sufuria 100 za vyakula mbalimbali.

Jumatatu, tarehe 15 Mei, saa ilionyesha kwamba amefikisha saa 100. Watu walishangilia sana.

Kisha wakaguzi wakapitia kumbukumbu za muda. Tarehe 13 Juni 2023 walitoa jibu: Hilda amepata rekodi, lakini si ya saa 100. Ni ya saa 93 na dakika 11. Katika mapumziko mamoja ya mwanzoni alikuwa amezidisha dakika kwa makosa. Kwa sababu hiyo alikatwa karibu saa 7. Bahati yake ni kwamba alikuwa amepika muda mrefu vya kutosha. Hata baada ya kukatwa, alimpita Lata Tondon.

FAILATU ABDUL-RAZAK WA GHANA

Mwezi Novemba 2023 ilitangazwa kwamba rekodi ya Hilda imepitwa. Alan Fisher, mpishi kutoka Ireland anayefanya kazi Japani, alikuwa amepika kwa saa 119 na dakika 57.

Tamale ni mji mkuu wa Mkoa wa Kaskazini nchini Ghana. Chakula kinachopendwa huko ni tuo zaafi, ambacho hufanana na ugali na huliwa kwa mchuzi wa mboga za majani. Mpishi wa mji huo, Failatu Abdul-Razak, aliamua kumpita Alan Fisher.

Failatu alianza kupika tarehe 1 Januari 2024. Watu wa Tamale walikusanyika usiku na mchana. Waliimba na kucheza ngoma. Viongozi na watu mashuhuri walifika kumtia moyo, na wengine walitoa fedha. Failatu alifikisha saa 120 akaendelea. Alifikisha saa 200 akaendelea. Tarehe 10 Januari aliweka mwiko chini baada ya saa 227. Hizo ni siku 9 na saa 11.

Mwanzoni mwa Februari jibu lilikuja: rekodi haikukubaliwa. Masharti ya mapumziko yalikuwa yamevunjwa.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Failatu alizidi rekodi ya zamani kwa zaidi ya saa 107. Nguvu alikuwa nazo. Ufundi alikuwa nao. Mji mzima ulikuwa nyuma yake. Kilichomwangusha ni hesabu ya dakika za kupumzika. Watu wa Tamale hawakuacha kumheshimu mpishi wao, na jina lake lilijulikana dunia nzima. Lakini heshima ni jambo moja, na rekodi ni jambo jingine.

SISI TUFANYEJE?

Labda mpishi wa kijiji chetu atachaguliwa kushindana wilayani, au katika maonyesho ya Nane Nane. Je, tutamsaidiaje? Vigelegele ni vizuri. Mpishi aliyechoka akisikia sauti za watu wa kwao hupata nguvu. Lakini vigelegele peke yake havitoshi. Fanyeni na haya:

1. Pateni masharti ya shindano kwa maandishi. Yasomeni kwa sauti mbele ya mpishi, hata mara tatu. Msilolielewa, waulizeni waandaaji mapema.

2. Chagueni mtunza muda. Awe mtu mwenye saa, daftari na kalamu. Mpishi akifanya mazoezi, mtunza muda aandike ameanza lini, amepumzika lini na amemaliza lini. Asione haya kumwambia, "Mama, dakika zako zimekwisha." Huyo ndiye anayempenda mpishi kweli.

3. Kama shindano ni la muda mrefu, watunza muda wapokezane zamu. Mtu mwenye usingizi hukosea hesabu.

4. Onjeni chakula na mseme kweli. Chumvi ikizidi, mwambieni angali nyumbani. Majaji hawatamwonea haya.

5. Gawaneni kazi za nyumbani kwake. Nani atamchotea maji? Nani atapalilia shamba lake? Nani atakaa na watoto? Mpishi mwenye wasiwasi huunguza chakula.

6. Michango ya fedha, mchele, mafuta na kuni iandikwe yote katika daftari. Kila anayetoa apewe stakabadhi. Shindano likiisha, hesabu zisomwe mbele ya watu.

Kazi zote hizi zinahitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu. Zamani mtu aliyetaka kumsaidia mpishi alileta kuni na maji. Leo wewe mwanakisomo unaweza kuleta kuni, maji na daftari. Wahenga walituachia msemo mwingine: mali bila daftari huisha bila habari. Jasho la mpishi nalo ni mali. Tuliandike.

MANENO MAPYA

Rekodi: kiwango cha juu kuliko vyote vilivyofikiwa.
Shahidi: mtu aliyeona jambo kwa macho yake na anaweza kulisema.
Mkaguzi: mtu anayepitia hesabu au kazi kuona kama ni sahihi.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umetoa fedha au kitu.

MASWALI

1. Mpishi hupata dakika ngapi za kupumzika kila anapomaliza saa moja?
2. Kwa nini Hilda Baci hakuandikiwa saa 100?
3. Failatu alipika saa ngapi? Kwa nini hakupata rekodi?
4. Eleza kazi mbili za mtunza muda.

HESABU

1. Mpishi amepika saa 8 bila kupumzika. Ana akiba ya dakika ngapi?
2. Hilda aliandikiwa saa 93 na dakika 11. Lata Tondon alikuwa na saa 87 na dakika 45. Hilda alimpita kwa muda gani?

MAJADILIANO

Mtu mmoja anasema, "Mtunza muda akimkatiza mpishi, anamvunja moyo." Mwingine anasema, "Akinyamaza, anampoteza." Jadilianeni darasani. Kisha kila mwanakisomo aandike sentensi tano kuhusu mtu wa kijijini kwake ambaye angependa kumsaidia, na kazi ambayo angeifanya yeye mwenyewe.