SOMO: USIKU WA ASAFU (Zaburi 77)

Somo letu la toleo hili ni juu ya kutafakari wakati wa mateso. Tunaomba kila familia ichukue Biblia na kusoma Zaburi ya 77 yote, mistari 20, kabla ya kuendelea. Mwenye macho mazuri awasomee wengine kwa sauti.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji chetu hapa kambini alimzika mtoto aliyekufa kwa malaria. Tulikwenda siku hiyo hiyo, Biblia kwapani, tukamweleza kwa nini Mungu huruhusu mambo kama hayo. Tulieleza vizuri, kama tulivyofundishwa chuoni. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akatushukuru, kisha akachukua dumu akaenda kuteka maji. Saa ile bomba lilikuwa limefungwa, naye alijua. Hata sisi tulijua. Aliyemsaidia ni bibi mmoja wa kwaya ya akina mama, asiyejua kusoma. Alikuja siku tatu mfululizo, wakakaa pamoja wakipukuchua mahindi, bila somo lolote. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vema zile siku saba walizokaa chini kimya (Ayubu 2:13). Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Basi mtu atauliza: kama maneno hayasaidii, somo hili ni la nini? Maneno yanasaidia, ila hasa yale anayoyasema aliyeumia mwenyewe, kwa wakati wake. Hayo ndiyo tunayojifunza kwa Asafu.

Mtazameni. Hawezi kulala. Anakumbuka siku za zamani, na kumbukumbu zinamchoma badala ya kumtuliza. Yeyote kati yetu aliyewahi kulala chini ya turubai akihesabu vyumba vya nyumba aliyoiacha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika anaujua usiku huo. Kuanzia mstari wa 7 hadi wa 9 anauliza maswali sita, na yote yanamlalamikia Mungu: kama amewatupa watu wake moja kwa moja, kama ahadi yake imekwisha, kama amesahau huruma. Wako wapendwa wanaoogopa kwamba kuuliza hivyo ni kukosa imani. Mbona basi maswali hayo yamo katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu, na jina la kiongozi wa waimbaji limeandikwa juu yake?

Katika mstari wa 10, kwa Biblia yetu ya Kiswahili, Asafu anautaja udhaifu wake. Hapo ndipo anapoanza kugeuka. Maumivu yake hayajaondoka, lakini sasa ameyaona, ameyapa jina.

Chuoni tulisoma pia habari za mtu asiyekuwa Mkristo, nasi tunamleta hapa kwa sababu alijua kufukuzwa. Epictetus alikuwa mtumwa huko Roma, kilema wa mguu, katika karne ya kwanza. Alipokuwa ameachwa huru, mfalme Domitian aliwafukuza wanafalsafa, naye akaenda kufundisha Nicopolis, nchi ya Ugiriki. Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika mafundisho yake. Aliwafundisha watu kutenganisha vitu viwili: jambo lililotokea, na hukumu ambayo moyo unaiweka juu ya jambo hilo. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Posho inapopunguzwa, jambo lililotokea ni kwamba unga hautafika mwisho wa mwezi. Lakini usiku moyo unaongeza: tumesahauliwa, watoto wetu hawatakuwa kitu, heri tungekufa njiani. La kwanza ni kweli, na linahitaji majirani na mipango. Mengine yameongezwa na giza.

Tunamkubali kwa sehemu. Njaa si mawazo tu, wala mtoto aliyezikwa si mawazo. Mtu asije akamwambia mwenye njaa abadilishe fikra! Lakini kwa yale yaliyoongezwa na giza, ushauri wake unafaa, nao haupingani na Asafu, ambaye aliyatoa nje maswali yake sita, moja moja.

Tena Asafu anakwenda mbali zaidi. Katika mstari wa 12 anasema atatafakari. Neno la Kiebrania hapo ni hagah, na katika Isaya 38:14 neno hilo hilo ni sauti ya njiwa. Katika Isaya 31:4 ni ngurumo ya simba juu ya windo lake. Kwa hiyo kutafakari kwa Biblia kuna sauti. Ni kunong'ona, kurudiarudia kwa kinywa, kama bibi anavyosema peke yake akichambua maharage. Na angalieni anachokumbuka sasa: si siku zake za zamani tena. Ni Bahari ya Shamu, jambo lililotokea kabla hajazaliwa. Kumbukumbu zake mwenyewe zilipomwelemea, alishika kumbukumbu ya watu wake wote. Zaburi inaishia pale, kwa Musa na Haruni. Haisemi kama Asafu alipata usingizi usiku ule.

Jaribuni hivi wiki hii, kabla ya kuzima taa. Semeni kwa sauti ndogo jambo moja lililotokea leo, kama lilivyotokea. Kisha semeni moyo umeongeza nini juu yake. Kisha msomeni Asafu polepole, kuanzia mstari wa 11. Watoto pia wapewe nafasi, nao wana usiku wao. Na ndugu ambaye hajalala wiki nyingi, au anayewaza kujidhuru, asiachwe na zaburi peke yake: msindikizeni hospitali ya kambi, aonane na mshauri. Eliya alipoomba kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji (1 Wafalme 19:4-8).

Maswali ya vikundi vya nyumbani: Ni swali gani kati ya yale sita ambalo umewahi kuuliza? Wazee wako walikusimulia nini ambacho unaweza kukishika usiku? Katika kijiji chetu ni nani aliyefiwa mwezi huu, na nani atakwenda kukaa naye?